Naolewa na mgane, binti yake amesema harusini haji

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 32, naishi Mtwara mjini. Januari, korosho zikishalipwa, naolewa na mgane wa Tandahimba. Ndoa itafungwa msikitini, jioni tutakuwa ukumbini. Ana watoto watatu: binti wa miaka 14, mvulana wa 9 na mdogo wa 4. Mchumba anataka MC awaite mbele ya wageni waniite mama. Binti amesema haji. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Hilo la MC lifute leo. Mtoto akiitwa kwa kipaza sauti mbele ya ukumbi mzima hana njia ya kukataa, na neno alilolazimishwa kulitamka pale atakuja kukunyima nyumbani. Liandikwe kwenye ratiba: watoto hawaitwi, hawalishwi keki jukwaani. Ukimwambia MC kwa mdomo tu, shangwe zikipanda atasahau.

Ila kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba barua yako haina hata mtu mmoja wa upande wa marehemu. Kwa Wamakonde mtoto ana wajomba, na wajomba wana neno. Inawezekana kabisa binti anabeba uchungu wa bibi yake mzaa mama, aliyesikia habari za harusi kwa majirani. Kabla kadi hazijachapwa, mchumba wako aende kwa mjomba wa watoto akiwa na mzee mmoja wa ukoo wake. Wewe usiende safari ya kwanza; ukiwepo hawatasema yaliyo moyoni. Aseme kwamba anaoa, kwamba watoto wataendelea kwenda kwao likizo kama zamani, na kwamba anaomba mtu wa kwao awe na watoto siku ya harusi. Safari ya pili nenda naye, na doti ya khanga kwa bibi.

Huko wataulizia mali, hata kwa kuzunguka. Mikorosho ya marehemu ina hesabu gani? Fedha za msimu huu zimeingia kwa nani? Kama mirathi haijafunguliwa, mchumba aifungue kwanza Mahakama ya Mwanzo, akiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichopendekeza msimamizi. Kwa mirathi ya Kiislamu, mume aliyeachiwa watoto anapata robo ya mali ya mkewe. Bibi, kwa kuwa ni mama wa marehemu, ana moja ya sita. Inayobaki ni ya watoto, na babu yao mzaa mama kama yu hai. Ukiingia nyumba ambayo hesabu hii haijafanywa, kila bati utakalonunua litasemwa limetoka kwenye korosho za marehemu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa ya ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo Desemba mapema shughuli hizi ziwe zimeshaanza.

Sasa binti. Mpe kitambaa cha sare ya upande wa baba yake, si cha wasindikizaji wako, ashone mshono anaoutaka. Akija, anakuja kama mtoto wa bwana harusi. Asipokuja, akae na bibi yake na asigombezwe. Mdogo arudishwe nyumbani saa mbili usiku, na mtu wa kumrudisha atajwe mapema, maana usiku huo kila mtu atadhani mwenzake amemchukua.

Kitanda na godoro la chumba chenu libadilishwe kabla ya harusi, watoto wakiona. Picha ya mama yao sebuleni usiiguse. Wakuite mama mdogo, au watakavyo. Na kama binti bado hajachezwa unyago, somo wake atafutwe na upande wa mama yake. Wewe changia chakula na nguo.

Mchumba akisema hana nafasi ya kwenda kwa mjomba kabla ya Januari, sogezeni tarehe.