Baiskeli ipite upande gani wa barabara?
Ndugu, umeuliza kama mwendesha baiskeli hapa Tanzania hatakuwa salama zaidi akipita upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia. Hapana, ushauri huo ni wa waenda kwa miguu. Gari likienda kilomita 50 kwa saa na baiskeli 15, vikifuatana vinakaribiana kwa kilomita 35 tu, lakini vikielekeana ni 65, na dereva hapati muda wa kupunguza mwendo. Hatari kubwa zaidi iko kwenye makutano: dereva anayetoka barabara ya mtaani akikunja kushoto huangalia kulia kwake, ambako ndiko magari yanakotokea, kwa hiyo baiskeli inayomjia kutoka kushoto huiona ikiwa tayari mbele ya boneti. Kaa kushoto, ila usijibanze kwenye ukingo wa lami uliomeguka, maana ukikwepa shimo ghafla utaingia mbele ya daladala. Usiku, hakikisha kiakisi chekundu cha nyuma hakifunikwi na mzigo. Wabeba mkaa wetu, kwa bahati mbaya, hukificha kabisa nyuma ya magunia.