Mstari wa ulaji unapopanda badala ya kushuka

SWALI: Napima jinsi vijiumbe vya seli moja vinavyokula mwani mdogo wa baharini kwa njia ya kuzimua. Nilichanganya maji ya bahari na maji yaliyochujwa, nikapata chupa zenye asilimia 20, 40, 70 na 100 ya maji asilia, nikaziacha saa 24. Mwani wa chupa zilizozimuliwa sana ndio uliokua kidogo zaidi. Je, ulaji unaweza kuwa hasi?
Msomaji, Zanzibar

JIBU: Hauwezi. Njia hii, iliyoelezwa na Landry na Hassett mwaka 1982, inategemea jambo moja: ukizimua, siliati na dinoflagelati, yaani vijiumbe walaji, hukutana na mwani mara chache, hivyo mwani huongezeka haraka zaidi. Ukiona kinyume, shuku kwanza maji yaliyochujwa, maana ndiyo sehemu nne kati ya tano za chupa yako ya asilimia 20. Pampu ikivuta kwa nguvu, seli hupasuka juu ya chujio na utomvu wake hupita. Tumia chujio la mikromita 0.2, maji yashuke yenyewe. Osha chupa na mipira ya kupitishia maji kwa asidi hidrokloriki ya asilimia 10, suuza vizuri, na usitumie mpira wa lateksi, ni sumu kwa vijiumbe. Wakati wa kujaza, zamisha ncha ya mpira ndani ya maji. Mapovu huua siliati.

Sababu ya pili ni virutubisho. Walaji wakipungua, amonia wanayotoa nayo hupungua, mwani ukakosa chakula. Tia naitreti na fosfeti kwa kiasi kilekile katika chupa zote, ila mbili za asilimia 100 ziache bila kitu ili upate ukuaji halisi.

Matokeo mazuri huwa hivi. Chupa kamili, ya asilimia 100: klorofili, kipimo cha wingi wa mwani, kutoka 0.50 hadi 0.56 kwa siku, logi asilia ya uwiano ni 0.11. Chupa ya asilimia 20: kutoka 0.10 hadi 0.17, yaani 0.53. Tofauti, 0.42, igawe kwa 0.8, yaani 1.0 kutoa 0.2: ulaji ni 0.52 kwa siku, na ukuaji wa mwani bila walaji ni 0.11 kujumlisha 0.52, yaani 0.63.

Hesabu pia walaji wenyewe kwa hadubini, mwanzo na mwisho, katika sampuli zilizotiwa Lugoli, dawa ya iodini ya kuhifadhi seli. Siliati wengi hawastahimili njaa. Wakifa katika chupa zilizozimuliwa, mteremko wa mstari wa ukuaji dhidi ya asilimia ya maji asilia, ambao ndio unaosomwa kama ulaji, utakuwa mkali kuliko ulaji halisi.