Figo Haioshwi

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa pili. Kwenye ripoti ya zamu niliandika "mgonjwa anaoshwa mafigo mara tatu kwa wiki". Mkufunzi akapiga wino mwekundu kwenye "mafigo". Kipi sahihi, figo au mafigo?

Jibu: Wengi husema figo moja, figo mbili, fuata wengi. "Mafigo" nimeisikia mno hata hainiudhi tena. Kinachoniudhi ni huyo mkufunzi kukata ma- akaiacha "anaoshwa" salama salimini.

Aliyenyolewa nywele, wembe umepita kwenye nywele. Aliyeng'olewa jino, koleo limeshika jino. Haya, aliyeoshwa figo? Hakuna aliyeigusa! Sindano mbili ziko mkononi, au mpira uko shingoni. Damu hutoka, ikapita kwenye chujio la mashine, lenye vijirija vyembamba kama nywele, huku nje yake yakipita maji maalumu. Yurea na kreatinini, ambazo ni taka za mwili, pamoja na madini ya potasiamu, huhamia huko, maji ya ziada huvutwa, damu hurudi mwilini. Kazi ya saa 4 hivi, na figo zimelala kiunoni, zinaumwa vilevile. Dayalisisi, jina la kitaalamu la kazi hiyo, lenyewe ni neno la Kigiriki la kutenganisha. Halina sabuni.

Utasema nagombana na maneno tu. Basi litazame dafu. Kinachooshwa huoshwa kwa maji, kwa hiyo shangazi akisikia figo zinaoshwa, jioni yuko wodini na madafu matatu "yasaidie kuosha". Dafu limejaa potasiamu. Mwenye figo nzima ataikojoa. Asiyekojoa itamkaa kwenye damu hadi siku ya mashine. Kawaida yake ni milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita ya damu, ikipita 6.5, moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi. Na maji nayo yana kipimo: mkojo wa jana, jumlisha mililita 500 hivi. Aliyekojoa 300 ana 800 za kutwa nzima, humohumo chai, uji na supu. Madafu matatu yamekwisha kuzimaliza, uji haujafika. Kesho mizani itasema: kila kilo iliyoongezeka ghafla ni lita moja ya maji.

Mgonjwa akisema "nasafishwa figo", mwitikie. Kitandani si mahali pa sarufi. Ila wewe andika "anasafishwa damu", au "anachujwa damu", ninayoipenda zaidi. Mkufunzi naye mpelekee jibu hili, pamoja na kalamu yake nyekundu.