Maswali na majibu: Nadharia za mkakati wa biashara huvuma na kufifia vipi?

Nadharia nzuri si hupokelewa mara inapochapishwa?

La. Mwaka 1984 Birger Wernerfelt aliandika katika Strategic Management Journal kwamba kampuni itazamwe kwa rasilimali zake, si kwa bidhaa zake tu. Kwa miaka kadhaa ni wachache walioijali makala hiyo. Mwaka 1991 Jay Barney akaweka vigezo vinne: rasilimali iwe na thamani, iwe adimu, iwe ngumu kuigwa, isiwe na mbadala. Mwanafunzi wa uzamivu akapata pa kuanzia, na tafiti zikamiminika. Mwaka 1994 jarida lilelile likaitunuku makala ya Wernerfelt, iliyokwisha kukaa miaka kumi. Kwangu mimi, Barney alilitia wazo lile mpini, nalo likashikika.

Na Michael Porter, mwanazuoni wa mkakati aliyetanguliza sekta, aliangushwa na takwimu?

Alitikiswa. Tangu kitabu chake cha 1980 wengi waliamini kuwa faida huamuliwa hasa na sekta unayofanyia biashara. Mwaka 1991 Richard Rumelt akachambua takwimu za viwanda vya Marekani: sekta ilieleza asilimia 8 hivi ya tofauti za faida, kitengo chenyewe cha biashara ndani ya kampuni asilimia 46 hivi. Mwaka 1997 Porter akajibu pamoja na Anita McGahan kwa takwimu pana zaidi, na mchango wa sekta ukapanda hadi asilimia 19 hivi. Inaniuma kuona wanafunzi wakifundishwa pigo la Rumelt bila jibu lake.

Makala isiponukuliwa tena, nadharia imekufa?

Si lazima. Leo mtu huandika “vizuizi vya kuingia sokoni” bila kumtaja yeyote. Mwanasosholojia Robert Merton alilieleza hilo: wazo likizoeleka mno, mwenyewe husahaulika. Kinachoumiza nadharia ni kutopimika. Mwaka 2001 Richard Priem na John Butler waliilaumu hivyo nadharia ya rasilimali, ile ya Wernerfelt na Barney: ikiwa rasilimali yenye thamani ni ile inayokupa ushindi, kusema inakupa ushindi ni kuzunguka palepale. Barney aliwajibu mwaka uleule, lakini swali lao halijanitoka.

Nianzie wapi tasnifu yangu?

Soma makala ya 1984 yenyewe, kurasa kumi tu, kisha Priem na Butler, kabla hujagusa sura ya pili.