Jibu: Kwa nini mgodi ununue loda ya magurudumu badala ya ekskaveta?

Ndugu, umeuliza kwa nini mgodi wa wazi ununue loda ya magurudumu (mashine ya kupakia yenye ndoo kubwa mbele) badala ya ekskaveta (mashine ya kuchimba yenye mkono mrefu), na kwa nini lori lisijazwe kwa ndoo mbili tu.

Chukua loda ya LeTourneau L-2350, ambayo huinua takribani tani 72 kwa mara moja, na lori la Caterpillar 797F, ambalo hubeba takribani tani 363: ndoo tano zinalitosha. Ndoo zikizidi hapo, lori hupoteza muda likisubiri. Zikipungua sana, kila ndoo huwa pigo zito mno kwa fremu na shokapu. Dereva mzuri wa loda humwaga kwanza kifusi laini kifunike sakafu ya bodi, ndipo aweke miamba mikubwa juu yake.

Faida kubwa ya loda ni wepesi wa kuhama, kwani inaweza kupakia upande mmoja wa shimo asubuhi na kwenda yenyewe upande wa pili mchana, ilhali ekskaveta kubwa ya minyororo hujikokota. Gharama ya loda iko kwenye matairi. Loda hukimbia mbele na nyuma kati ya rundo na lori bila kupumzika, na jiwe moja lenye ncha lililoachwa chini laweza kupasua tairi lenye kimo cha mita 4 hivi.

Kwa hiyo nakusihi utazame sakafu kabla ya mashine: pasipo buldoza au greda ya kusafisha eneo la kupakilia muda wote, loda haitakuwa nafuu hata kidogo.