Maji ya nyumba ya shambani: pima kwanza, kisha weka koki za kutosha

Ukiishi mbali na mtandao wa mabomba, mamlaka ya maji ni wewe mwenyewe. Paa, kisima, tangi, pampu na kila kiungo cha bomba viko mikononi mwako, na kikiharibika kimoja usiku hakuna namba ya dharura ya kupiga. Mifumo mingi ya majumbani huwasumbua wenyewe kwa sababu ileile: ilijengwa ili maji yapite, haikujengwa ili ifunguliwe. Hakuna koki ya kutenga pampu, hakuna pa kutolea tope, hakuna yunioni hata moja, yaani kiungo kinachofunguka bila kukata bomba. Basi kubadili kijimpira cha koki kunakuwa kazi ya siku mbili, tena ya kukata bomba kwa msumeno.

Kabla ya kununua chochote, hesabu ndoo. Kwa siku saba andika kila ndoo ya lita 20 inayotumika na imefanya kazi gani: kunywa na kupika, kuoga, kufua, kupiga deki, choo, mifugo, bustani. Watu wengi hushangaa kuona maji ya kunywa na kupika ni sehemu ndogo sana ya jumla. Chukua familia ya watu watano wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku. Hizo ni lita 250, na tangi la lita 5,000 litakwisha kwa siku 20. Lakini kama maji ya kunywa na kupika ni lita 8 kwa mtu, jumla ni lita 40 kwa siku, na tangi hilohilo litavuka siku 100 za kiangazi na kubakiza lita 1,000. Ndiyo maana nashauri sana matangi mawili yasiyochanganyika: moja la maji safi ya mvua kwa ajili ya jikoni, la pili la kazi nyingine zote. Mwenye ng'ombe wa maziwa ahesabu kwa uangalifu zaidi, kwa kuwa mmoja tu anaweza kunywa lita 60 hadi 100 kwa siku.

Paa na gata

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Pima eneo ambalo paa linafunika chini, usipime mteremko wa bati. Kisha toa asilimia 15 hivi kwa maji yanayoruka pembeni na yanayokauka. Paa la mita za mraba 60 likipata mvua ya milimita 20 litakupa takriban lita 1,000. Hesabu hii ndogo ndiyo inayokuambia kama ununue tangi kubwa zaidi au uongeze gata upande wa pili wa nyumba. Mara nyingi jibu ni gata.

Gata literemke sentimita 1 kwa kila mita moja kuelekea kwenye bomba la kushushia. Likilala sawasawa, maji husimama, majani huoza, na mbu wanapata makazi. Ukubwa wake ukadirie hivi: sentimita 1 ya mraba ya tundu la gata kwa kila mita 1 ya mraba ya paa. Vishikio visipishane zaidi ya mita moja, maana gata lililojaa maji ni zito na hulegea katikati. Paa lenye rangi ya zamani yenye risasi lisitumike kabisa kwa maji ya kunywa.

Mvua ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, na maji hayo yasiingie tangini. Kiwango cha chini cha kumwaga ni nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 30 kwa paa la mita 60. Njia ya kawaida ni bomba la wima lililozibwa chini, linalojaa kwanza kabla maji hayajaanza kwenda tangini. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo lita 30 zinahitaji karibu mita 4. Nyumba fupi haina urefu huo, na hapo tumia dumu lenye mfuniko badala ya bomba. Chini kabisa toboa tundu la milimita 2 hadi 3 ili maji yachuruzike na chombo kiwe kitupu kabla ya mvua inayofuata. Tundu hilo ndilo linaloziba, kila mara, kwa tope. Likiziba, chombo kinabaki kimejaa na uchafu wote wa mvua ijayo unapita moja kwa moja. Weka kizibo kikubwa cha kufungua kwa mkono hapo chini na ukifungue baada ya kila mvua kubwa.

Tangi

Lita 1 ni kilo 1, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ni tani 5 juu ya eneo dogo. Ardhi ishindiliwe, zege liwe na unene wa sentimita 10 hadi 15, na lizidi ukingo wa tangi kwa sentimita 15 au zaidi pande zote. Tangi la plastiki huharibiwa na jiwe moja tu lililobaki chini yake: uzito wote hukaa hapo, na baada ya miezi kadhaa ufa unaanzia palepale. Fagia msingi, papasa kwa kiganja, kisha ndipo ulitandike tangi.

Usiunge mabomba siku hiyohiyo. Jaza tangi kwanza, liache litulie siku moja au mbili, kisha unga. Plastiki hutanuka kidogo inapobeba maji, na bomba gumu lililokazwa mapema huvuta kiungo hadi kipasuke. Kipande kifupi cha hosi imara kati ya tangi na bomba la kwanza kinaondoa mvuto huo. Na tangi tupu lisiachwe bila kufungwa, upepo huliangusha.

Matundu yawe manne. La kuingizia, ambalo ndani bomba lake lishuke hadi karibu na chini na kugeuka juu, ili maji mapya yasivuruge tope. La kutumia, sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi. La kusafishia, chini kabisa, lenye koki pana. La nne ni la maji yanayozidi, na kipenyo chake kisipungue kile cha bomba la kuingizia. Likiwa jembamba, mvua kubwa itamwagika juu ya mfuniko na kuchimba udongo chini ya msingi. Peleka maji hayo angalau mita 2 mbali, na ufunge mdomo wa bomba kwa wavu mdogo. Mfuniko usipitishe mwanga, la sivyo ndani kutaota ukijani.

Presha: usikimbilie kupandisha mnara

Mita 10 za kimo hutoa presha ya bari 1. Tangi lililo mita 3 juu ya koki linatoa bari 0.3, inayotosha sinki na bafu la kawaida lakini huenda isiwashe hita za maji zinazosubiri nguvu ya mtiririko. Kimo hupimwa kutoka usawa wa maji, kwa hiyo tangi linapokaribia kwisha presha nayo imeshuka.

Maji yakitoka dhaifu, wengi hufikiria kuinua tangi. Hesabu inasema vingine. Ukiongeza kimo mara mbili, kutoka mita 3 hadi 6, mtiririko kwenye bomba lilelile unaongezeka kwa chini ya nusu. Ukiongeza kipenyo cha bomba mara mbili, unapata takriban mara sita. Bomba la nusu inchi lenye urefu wa mita 40, chini ya kimo cha mita 3, litakupa kama lita 10 kwa dakika, na hapo hujahesabu viungo na kona. La inchi moja linapitisha karibu mara sita ya hizo. Kwa hiyo toa inchi moja kutoka tangini hadi nyumbani, robo tatu kuzunguka nyumba, na nusu inchi kwa kipande kifupi cha mwisho tu.

Kuna tatizo jingine linalofanana na hilo lakini tiba yake ni tofauti. Tangi limejaa, koki inakohoa, inatema maji kidogo, kisha kimya. Hiyo ni hewa iliyonaswa mahali bomba lilipopanda kisha likashuka tena. Tafuta nundu hiyo, ichimbe na uinyooshe. Isiponyooka, weka tii (kiungo cha njia tatu) na koki ndogo kileleni pa kutolea hewa. Bomba la plastiki lizikwe sentimita 45 au zaidi, kwa kuwa PVC ikipigwa na jua hukakamaa na kuvunjika kama biskuti. Bomba jeusi la kuviringishwa linavumilia jua vizuri zaidi.

Pampu

Pampu ya juu ya ardhi haivuti maji kutoka kina chochote upendacho. Kikomo cha kinadharia ni kama mita 10 usawa wa bahari. Kwa vitendo hesabu 6 hadi 7, na punguza takriban mita 1 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Maji yakiwa chini zaidi ya hapo, nunua ya kuzamishwa.

Lalamiko la kawaida ni pampu inayofanya kazi leo na kesho asubuhi inanguruma bila kutoa maji. Maji yaliyokuwa kwenye bomba la kuvutia yamerudi kisimani usiku. Zima umeme, jaza bomba la kuvutia kutoka juu mpaka pomoni, uangalie kwa nusu saa. Yakishuka, futi valvu, ile valvu ya mwisho wa bomba kisimani inayozuia maji yasirudi, haifungi: itoe, ondoa mchanga au kijiti, badili mpira wake. Yasiposhuka, hewa inaingia kwenye viungo vilivyo juu wakati pampu inavuta, na mahali hapo hutaona tone hata moja kwa sababu hewa inaingia ndani badala ya maji kutoka nje. Fungua viungo hivyo na uvifunge upya kwa tredi tepu (utepe wa kuziba nyuzi za viungo), mizunguko 6 hadi 8, ukizungusha upande uleule wa kukazia ili isijikunje. Futi valvu ikae sentimita 30 hadi 50 juu ya sakafu ya kisima. Kamwe usiiache pampu izunguke kavu, maana sili yake, inayozuia maji yasivuje kwenye mhimili, hupozwa na maji hayohayo.

Kama una tangi la presha, lile dogo lenye upepo na mpira ndani, na pampu inawaka na kuzima kila sekunde chache, shughulikia tatizo hilo leo, mota haitavumilia. Zima umeme, fungua koki hadi presha iishe kabisa, kisha pima upepo wa tangi hilo kwa geji ya tairi. Uwe pungufu kwa psi 2 ya presha ambayo swichi huwasha pampu: swichi ya 20/40, inayowasha kwa psi 20 na kuzima kwa 40, inataka 18, ya 30/50 inataka 28. Upepo ukipungua, jaza kwa pampu ya baiskeli. Maji yakitoka kwenye valvu ya upepo, mpira wa ndani umepasuka.

Pande zote mbili za pampu weka koki na yunioni. Vivyo hivyo kila tangi, na kila tawi la bomba. Hapa sipendi mtu abane matumizi.

Kazi za kila siku na za msimu

Asubuhi tazama usawa wa maji na uandike. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.8 hupoteza lita 25 kwa kila sentimita inayoshuka. Likishuka sentimita 2 usiku wakati koki zote zimefungwa, kuna mahali panavuja lita 50. Funga tawi moja kila usiku na utalijua lenye kosa. Bila koki za kutenga kipimo hiki hakiwezekani. Anza kwa kushuku choo: tia rangi ya chakula kwenye tangi lake, usiguse kwa dakika 20, ukiona rangi bakulini badili mpira. Koki inayodondosha nayo ipime: ikijaza kikombe cha mililita 250 kwa dakika 10, ni lita 36 kwa siku.

Kila wiki mwaga maji yaliyosimama kwenye ndoo, makopo na sahani za maua, kwa sababu yai la mbu linaweza kuwa mbu anayeruka kwa siku 7 hadi 10. Maji machafu ya jikoni yapite kwenye kishimo cha kunasa mafuta kabla ya kwenda kwenye miti. Choo cha shimo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, upande wa bondeni.

Kabla ya msimu wa mvua osha tangi. Litoe tope kwa koki ya chini, sugua kwa brashi yenye mpini mrefu ukiwa nje, suuza. Jaza maji na utie klorini ya maji ya asilimia 5 isiyo na manukato, lita 1 kwa kila lita 1,000. Fungua kila koki mpaka unuse klorini, funga, acha saa 12, kisha mwaga mbali na bustani na bwawa la samaki. Usichanganye klorini na asidi wala sabuni nyingine. Kuingia tangini peke yako ni hatari ya kifo. Lazima likae wazi lipate hewa, awepo mtu nje mwenye kamba, na injini ya petroli isiwashwe ndani wala karibu na mdomo. Baada ya hapo maji ya kunywa bado yachemshwe: dakika 1 tangu yaanze kutokota, dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000.

Kisha panga sanduku la akiba: mipira ya koki, tredi tepu tatu, gundi ya PVC ambayo haijakauka, soketi na elbo za kila kipimo ulichozika, koki mbili, futi valvu moja, boya la tangi, na mchoro wa mahali mabomba yanapopita, pamoja na umbali kutoka kona ya nyumba.