Kabla hujaitaja kesi ya Mtikila: kwa mnaoanza kutafiti sheria ya katiba mkiwa Tanga

Vijana mnaokuja field kwenye ofisi za mawakili hapa mjini, na nyinyi wa Chuo Kikuu Huria mnaosoma huku mnafanya kazi, ukiwapa swali la katiba wengi wenu mnaanzia kwenye kesi. Mtu ameambiwa aandike kurasa tano kuhusu haki ya kugombea uongozi, dakika kumi baadaye ana hukumu tatu kwenye simu, ya kwanza ile ya Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi, na Katiba yenyewe bado hajaifungua.

Anza na Katiba. Na uwe na nakala ya Kiswahili, kwa sababu Katiba ya 1977 ilitungwa kwa Kiswahili na ile ya Kiingereza ni tafsiri. Ukishaifungua, usiangalie ibara peke yake; angalia na yale maandishi madogo ya pembeni. Chukua ibara ya 13, ile ya usawa mbele ya sheria. Pembeni yake utaona imetajwa Sheria ya 1984, namba 15. Wengi wanayaruka maandishi hayo kama pambo la mchapaji, kumbe ndiyo yanayokuonyesha njia. Yanakwambia kwamba ibara hiyo haikuwemo Katiba ilipotungwa. Haki za msingi ziliingizwa na Mabadiliko ya Tano, na hata baada ya hapo sheria nyingine ya mwaka huohuo ilizuia mtu asizidai mahakamani kwa miaka mitatu, hadi Machi 1988. Kwa hiyo ukikaa unatafuta hukumu ya 1979 iliyobatilisha sheria kwa kukiuka ibara ya 13, unamaliza bando bure.

Namba ya pembeni inakupeleka kwenye sheria ya mabadiliko. Sheria hiyo inakupeleka kwenye muswada wake, na mwishoni mwa muswada kuna sehemu ya Madhumuni na Sababu ambayo hakuna mwanafunzi anayeisoma mpaka alazimishwe. Humo Serikali inaeleza, kwa maneno yake yenyewe, kwa nini inataka kubadilisha. Kutoka hapo nenda kwenye Hansard ya kikao kilichojadili muswada huo. Tovuti ya Bunge inazo taarifa rasmi za majadiliano, ila vikao vya zamani usitarajie kuvikuta vyote mtandaoni. Kwa vya zamani jipange na safari ya Dar es Salaam: chumba cha East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani, au Nyaraka za Taifa.

Jambo dogo linaloangusha wakubwa: toleo. Sheria zetu zimepangwa kwa Sura. Katiba ni Sura ya 2, na Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ni Sura ya 3. Zimefanyiwa urekebu, yaani kuchapishwa upya pamoja na marekebisho yake, zaidi ya mara moja, kuna toleo la 2002, la 2019 na la 2023. Ukinukuu kifungu, taja na toleo, maana anayekusoma lazima ajue ulikuwa umeshika kitabu kipi.

Sasa kesi. Mtandao wa TanzLII unaendeshwa na Mahakama ya Tanzania na ni bure, huna haja ya kumlipa mtu wa steshenari akudownlodie. Herufi za kwenye nukuu zisikutishe: TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu. Hukumu nyingi bado ni za Kiingereza, ijapokuwa tangu 2021 sheria inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo tafuta kwa lugha zote mbili. Usitafute kwa maneno mapana kama haki ya usawa, yatakuletea mafuriko. Andika namba ya ibara pamoja na ibara ndogo yake, kama majaji wanavyoiandika.

Halafu ujifunze kutafuta kwa jina la jaji. Hii haifundishwi sana, na mimi naona ndiyo njia ya mkato iliyo halali kuliko zote. Sheria yetu ya katiba ya miaka ya mwanzo imejengwa na majaji wachache. Jaji Mwalusanya ndiye aliyeamua kesi ya Holaria Pastory mwaka 1990, ya mwanamke wa Kihaya na shamba la ukoo, na ndiye aliyeanza na kesi ya Daudi Pete kuhusu dhamana kabla haijafika Mahakama ya Rufani. Jaji Lugakingira ndiye wa kesi ya kwanza ya Mtikila, nitakayoieleza hapo chini, na baadaye utamkuta Mahakama ya Rufani pamoja na Jaji Mkuu Samatta na Jaji Kisanga katika kesi ya Ndyanabo, iliyofuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi milioni tano kabla kesi ya kupinga uchaguzi haijasikilizwa. Soma Ndyanabo mapema. Kanuni za kufasiri Katiba zimepangwa humo vizuri, na karibu kila hukumu ya katiba iliyokuja baadaye inairudia.

Angalizo kwenye nukuu za ripoti za zamani, zile za TLR (Tanzania Law Reports): mwaka ulio kwenye mabano ni wa juzuu ya ripoti, hukumu yenyewe huenda ilitoka kabla. Pete imeripotiwa juzuu ya 1993 wakati rufani iliamuliwa 1991. Mtikila imeripotiwa 1995 ilhali hukumu ni ya Oktoba 1994. Miezi hiyo michache ya Mtikila ina uzito wake, na hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alifungua shauri Mahakama Kuu Dodoma. Jaji Lugakingira akasema mambo mengi, mawili yakiwa yanatajwa mpaka leo. La kwanza, kwamba raia anaweza kufungua shauri la kuilinda Katiba chini ya ibara ya 26 hata kama yeye binafsi hajaguswa. La pili, kwamba mtu ana haki ya kugombea bila kuwa mwanachama wa chama cha siasa. Kijana akifika hapo anaandika hitimisho, anafunga kompyuta.

Lakini Desemba 1994 Bunge lilipitisha Mabadiliko ya Kumi na Moja, Sheria namba 34, na mlango wa mgombea binafsi ukafungwa ndani ya Katiba yenyewe. Mtikila akarudi Mahakama Kuu, safari hii Dar es Salaam, akashinda tena mwaka 2006 mbele ya majaji watatu. Mwanasheria Mkuu akakata rufani. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikatengua, ikasema jambo hilo ni la kisiasa na ni la Bunge kuliamua. Mtikila hakuishia hapo, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, sambamba na Chama cha Wanasheria Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Mwishoni mwa 2019 Tanzania ikaondoa tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na asasi kuipeleka moja kwa moja mahakamani hapo.

Na lile jambo la kwanza, la nani anaruhusiwa kushtaki? Nalo lisome pamoja na marekebisho ya Sura ya 3 ya mwaka 2020, yanayomtaka mlalamikaji aeleze kwa hati ya kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Ukimnukuu Lugakingira leo bila kulitaja hilo, wakili wa upande wa pili atakupongeza.

Kwa hiyo kila hukumu ya katiba unayoiokota, iulize yafuatayo kabla hujaiweka kwenye andiko lako: ilikatiwa rufani? Bunge lilifanya nini baada yake? Kuna mahakama ya nje ya nchi iliyoligusa suala hilohilo? Kazi hiyo inachosha kuliko kuitafuta hukumu yenyewe, na ndiyo inayomfanya mkubwa wa ofisi akuamini.

Ripoti za tume zina utamu wake. Ya Tume ya Nyalali ya mwanzo wa miaka ya 1990 ndiyo iliyopendekeza vyama vingi na kuorodhesha sheria 40 ilizoziona kandamizi. Bado watu wanaipitia orodha hiyo kuona ipi imefutwa na ipi ipo. Kamati ya Kisanga, ya kukusanya maoni kuhusu Katiba, ilifuata mwishoni mwa muongo huohuo. Tume ya Warioba, ya mabadiliko ya Katiba, ilitoa rasimu mbili za Katiba mpya, Juni na Desemba 2013, kisha Bunge Maalum la Katiba likatoa Katiba Inayopendekezwa mwaka 2014. Hizo ni nyaraka tatu tofauti, usizichanganye, na hakuna hata moja kati yake iliyo sheria inayotumika. Thamani yake ni kukuonyesha watu walitaka nini.

Zanzibar ina Katiba yake ya 1984, na tafsiri ya Katiba hiyo haiendi Mahakama ya Rufani, inaishia kwao. Ukiwa na swali la Muungano fungua zote mbili mezani.

Kuhusu programu za akili mnemba: zitumie kupata maneno ya kutafutia, basi. Zina tabia ya kukutungia kesi yenye jina zuri, namba ya rufani na jaji wa kweli, na kesi haipo. Kama hukumu huwezi kuifungua ukaisoma ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, usiiandike.

Hapa mkoani tuna bahati ambayo wenzenu wa mikoa mingi hawana. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, na kwa kuwa ni chuo cha sheria, maktaba yake ni ya fani yenu. Panda gari la Lushoto asubuhi, lipite Muheza, Korogwe na Mombo, kisha lianze kupanda milima kupitia Soni. Omba ruhusa mapema kwa barua ya chuo chako au ya ofisi, na uende na orodha ya juzuu na kurasa unazotaka, si mada. Ukifika na mada utashinda unazunguka kwenye rafu mpaka gari la mwisho la kushuka likuache. Beba na sweta. Maktaba ya mkoa pale mjini mimi naitumia kwa meza na utulivu, hasa mchana joto likizidi ofisini. Masjala ya Mahakama Kuu nenda pale tu unapohitaji jalada la shauri la hapahapa, na ukienda uwe na namba ya shauri mkononi, maana karani hawezi kukutafutia ile kesi ya yule bwana wa Pongwe.